Khati ya Penseli Chini ya Picha

Kwetu Kolwezi, mji ulioasisiwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba ya kampuni ya Union Minière, ni ada kumpelekea jamaa aliye mbali picha iliyoandikwa jina na tarehe, iwe ukumbusho. Lakini picha ya kale ya Helen Keller yenye khati yake hudai mtazamo mwingine, kwani bibi huyo wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1880 na kunyimwa kuona na kusikia angali mtoto wa miezi 19, hakupata kamwe kuiona sura yake iliyochapwa pale. Herufi zake zina pembe kama matofali yaliyopangwa: aliweka karatasi juu ya ubao wenye mifereji, akaiongoza penseli taratibu, huku kidole cha mkono wa pili kikilinda mahali herufi iliyotangulia ilipokomea. Subira hiyo naistahi kupita wino wa masultani. Mwaka 1951 alizuru Afrika Kusini kuwatetea vipofu na viziwi. Na safari hiyo yanigusa, kwa kuwa reli ya kutoka huko kusini hadi kwetu, iliyofika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ilipita katika nchi ya migodi, ambako baruti imewapofusha wengi.