Asili ya Meneja wa Kompyuta katika Michezo ya Kuiga Besiboli

Katika besiboli ya Marekani kiongozi wa timu, aitwaye meneja, hapigi mpira wala hadaki. Kazi yake ni kuamua. Ndiye apangaye zamu za wapigaji tisa, na ndiye asemaye ni lini mrushaji aliyechoka aondoke. Maamuzi hayo ni mazito, kwa kuwa mchezaji akiisha kubadilishwa hawezi kurudi tena katika mchezo ule ule. Watu walipoanza kuiga besiboli mezani kwa kadi na dadu, kama katika APBA (1951) na Strat-O-Matic (1961), kazi hiyo waliifanya wenyewe. Taabu ilikuja pale mtu alipotaka kucheza peke yake: wa upande wa pili angekuwa nani?

Kompyuta haikulijibu swali hilo mara moja. Programu aliyoiandika John Burgeson wa kampuni ya IBM katika miaka ya 1960 na 1961, kwa mashine ya IBM 1620, ilimruhusu mtu kuchagua timu yake. Kisha mashine ilichapa habari za mchezo tangu mwanzo hata mwisho. Palikuwa na hesabu na bahati, lakini meneja hapakuwa. Mwaka 1971 Don Daglow, mwanafunzi wa Pomona College huko California, aliandika mchezo wake kwa kompyuta ya PDP-10, naye akampa mtumiaji nafasi ya kutoa amri mchezo ukiendelea.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1987, Daglow na Eddie Dombrower walipotoa Earl Weaver Baseball kwa kampuni ya Electronic Arts. Earl Weaver alikuwa meneja wa Baltimore Orioles tangu 1968 hata 1982, na tena katika 1985 na 1986. Watungaji hao walimhoji kwa kirefu, wakayageuza majibu yake kuwa kanuni za mashine. (Dombrower alikuwa mcheza dansi aliyekwisha kubuni programu ya kuandika hatua za dansi kwa alama, si mgeni, basi, wa kazi ya kutia maandishini jambo lisilozoea kuandikwa.) Walibahatika kumpata mtu wa kuandikika. Weaver alitumia kadi zilizoonyesha jinsi kila mpigaji alivyofanya mbele ya kila mrushaji. Alishika pia kwamba timu ina wapigaji 27 tu wa kutolewa kabla mchezo haujaisha, na kwamba ni hasara kumtoa mmoja makusudi ili mwenziwe asogee kituo kimoja. Heri kungoja pigo moja la kuleta mikimbio mitatu. Mahali pamoja aliweka watu wawili: John Lowenstein, apigaye kwa mashoto, na Gary Roenicke, apigaye kwa mkono wa kulia, kila mmoja kwa mrushaji amfaaye.

Walakini kila mwanasarufi ajua kuwa msemaji hodari wa lugha, akiulizwa kanuni yake, aghalabu hutaja kanuni nyembamba kuliko matumizi yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa mameneja wa kompyuta. Mtu mjanja alileta mrushaji wa mashoto. Mashine, kwa kufuata kanuni, ikamwondoa mpigaji wake bora wa mashoto. Mrushaji yule alipokwisha kumrushia mtu mmoja, naye akabadilishwa. Mpigaji bora alikuwa amepotea kwa mchezo wote. Meneja wa kweli angalinusa hila hiyo.

Upungufu ulio mzito zaidi ni wa historia, maana wapenzi wengi wa michezo hii hawatafuti ushindi tu; hurudia misimu ya zamani ili waone kama ingaliweza kwenda vingine. Mwaka 1904 Jack Chesbro wa New York, chini ya meneja Clark Griffith, alianza michezo 51 na kuimaliza 48. Katika msimu wa 2023 timu zote 30 za ligi kuu kwa pamoja hazikufikia idadi hiyo. Meneja wa mashine aliyefunzwa desturi za siku hizi atamwondoa Chesbro mapema, na msimu utokao hapo si wa 1904 hata kidogo. Kwa hiyo Diamond Mind Baseball, iliyoanzishwa na Tom Tippett, humpa kila meneja tabia zake ziwezazo kurekebishwa: kama ni mwepesi wa kubadilisha warushaji, kama apenda wizi wa vituo. Hiyo ndiyo njia bora. Atakiwaye hapa si meneja mwerevu kuliko wote, bali yule akoseaye kama watu wa zamani zake walivyokosea.

Tangu 2020 sheria ya ligi kuu humtaka mrushaji akabiliane na wapigaji watatu angalau, isipokuwa zamu imekwisha au ameumia. Hila iliyotajwa juu imekuwa ghali, na mameneja wa kompyuta wamehitaji kanuni mpya. Lakini wawapo katika msimu wa 1904, yapasa waisahau.