Majina ya Vyumba na Bei ya Nyumba katika Mji wa Lamu

Mtu aingiapo nyumba ya mawe ya Lamu hupita kwanza dakani, penye mabaraza ya kupokelea wageni wa kiume, kisha kiwandani, uwanja ulio wazi kwa mbingu. Kutoka hapo sakafu hupanda kidogo kidogo: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani, ambalo hapa ni jina la chumba. Nyuma kabisa ni nyumba ya kati, ambamo maiti huoshwa. (Tini na yuu za Kiamu ndizo chini na juu, kama mui ulivyo mji.) Kadiri mtu aruhusiwavyo kusogea mbele, ndivyo ajulikanavyo kuwa jamaa.

Nyumba hizi, katika koo za waungwana wa Mkomani, zilishika njia ya binti. Baba aliyejiweza alimpa bintiye nyumba alipoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Asipokuwa na kiwanja, alijenga ghorofa juu ya nyumba yake mwenyewe, au alitupa wikio juu ya usita, yaani chumba kiungacho nyumba mbili, ili mama na binti watembeleane pasipo kushuka njiani. Kisheria jambo hili lilikuwa na uzito mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Kilichotolewa kwa hiba katika uhai wa baba hakiingii katika mirathi. Kwa hiyo nyumba haikukatwa mafungu baba alipofariki.

Nisieleweke kwamba nausifu ungwana. Mali iliyojenga nyumba hizo ilitoka katika mashamba yaliyolimwa na watumwa, na hao hawakulala katika msana wowote. Utumwa ulipopigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mali ilipungua, na baba wengi hawakuweza tena kumjengea kila binti. Nyumba zikaanza kuingia katika mirathi. Hapo fungu la binti ni nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, na baada ya vizazi viwili au vitatu nyumba moja yaweza kuwa na warithi wengi, nusu yao wakiwa Mombasa au Uarabuni.

Maadamu bei ilikuwa ndogo, warithi waliokuwa mbali walimwachia dada akaaye humo. Tangu miaka ya 1970 walikuja wanunuzi kutoka Ulaya, hasa katika kijiji cha Shela, wakatengeneza magofu ambayo hakuna aliyeyataka. Na ni haki kusema kwamba kuta nyingi zingalianguka bila wao. Mwaka 2001 UNESCO iliuandika mji mkongwe wa Lamu katika Urithi wa Dunia. Hifadhi yataka chokaa, mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, vitu vyenye gharama kwa mtu wa kipato cha kawaida. Bei ikipanda, mrithi aliye mbali hudai fungu lake, wala hana kosa kwa kudai. Dada hana fedha za kuwalipa wenzake. Nyumba huuzwa ili igawike. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yamzuia mgeni kumiliki ardhi isipokuwa kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Lakini miaka 99 ni zaidi ya umri wa binti huyo na wa bintiye.

Yawezekana kujibu kwamba Lamu imepokea wageni siku zote. Ni kweli. Wahadhrami walikuja, na Wabajuni walikimbilia huko wakati wa vita vya Shifta katika miaka ya 1960. Hao walikaa, wakaoa, wakazika, na Kiamu kikawaingia watoto wao. Nyumba inayofunguliwa majuma machache kwa mwaka haina mtoto wa kujifunza neno lolote.

Kwa sisi wachunguzi wa lugha hasara yaonekana katika msamiati. Daka na kiwanda yangali yakisikika, kwa kuwa matangazo ya nyumba za kupanga huyapenda, ijapokuwa ziko nyumba za Shela ambazo kiwanda chake kimechimbwa bwawa la kuogelea. Nyumba ya kati halitangazwi. Atakaye kulisikia likitajwa kwa kazi yake ya asili na aende kwenye nyumba ambayo wenyewe wangali wakiishi na kufia humo, na aende mapema, kabla warithi hawajakutana.