Kububujika na Kuchuruzika

Mwendo wa maji una majina yake. Chemchemi hububujika, mto hutiririka, bomba bovu huvuja. Yakija tone kwa tone, yanadondoka. Kuna na churuzika: kijiuzi chembamba cha damu, jasho au utomvu, kisichokatika wala kujaza ndoo upesi.

Nchi ya Nachingwea na Ruangwa inalijua neno hili. Mwishoni mwa karne ya 19, misitu ya nyuma ya Lindi ilitoa mpira wa mwitu. Mgema alikata mmea utambaao, utomvu mweupe ukachuruzika, ukagandishwa, ukaviringwa kuwa vidonge na kushushwa pwani kuuzwa. Faida ilibubujika huko ng'ambo. Kwa mgema, mh, kijiuzi tu.

Mwaka 1947 Waingereza wakaja na mradi wa karanga: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Pesa zilibubujika, si mchezo! Matrekta, reli mpya kutoka pwani. Kibarua yeye alichuruzika jasho. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na pauni kama milioni 36 zikawa zimekwenda na maji. Mwaka 1962 reli nayo ikafungwa.

Basi, wewe unayeshika kalamu, usiandike tu kwamba "mali ilibubujika kusini". Uliza kwanza: ilibubujika kwa nani, na kwa nani ilichuruzika? Kitenzi kimoja kikikosewa, jasho la watu linafutika kwenye historia.