Kabla ya foni kulikuwa na kibonyezo: historia ya chombo cha Morse na namna ya kukichagua

Familia iliyokimbia vita ikifika pahali penye usalama kidogo, baada ya maji na pahali pa kulala inatafuta habari. Nani amebaki njiani? Watoto wa shangazi walipitia wapi? Batri ya simu ikiisha, au mtandao ukikatika kwa siku kadhaa, watu wanarudia njia za zamani: dereva wa lori, kijana wa pikipiki, foni ya misioni. Kati ya njia hizo za zamani kuna moja ambayo vijana wengi hawajawahi kuisikia, lakini bado inafanya kazi duniani kote: alama za Morse, zinazopigwa kwa mkono juu ya chombo kidogo cha chuma.

Chombo hicho kinaitwa hapa kibonyezo. Anayetaka kujifunza Morse leo anakuta aina nyingi, za bei ndogo na za bei kubwa, na swali lake la kwanza ni: ninunue ipi? Ili kulijibu, inafaa kujua kila aina ilizaliwa kwa sababu gani. Kila moja ilitokana na shida ya mkono wa mtu fulani aliyekuwa na haraka ya kufikisha ujumbe.

Lokole na sauti mbili

Watu wa Kongo hawakungoja waya wa mzungu ili waseme na walio mbali. Kando ya mto, upande wa Kisangani, Walokele walipiga lokole, ngoma ya gogo lililochongwa ndani, yenye sauti mbili: ya juu na ya chini. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyekaa Yakusu, alijifunza kuipiga, na mwaka 1949 alitoa kitabu juu yake. Alieleza kwamba lokole haikuwa kelele ya kuita watu tu. Ilifuata kupanda na kushuka kwa sauti ya lugha yenyewe. Kwa kuwa maneno mengi yana mpando mmoja, mpigaji aliongeza maneno ya kufafanua ili msikilizaji asichanganye jambo moja na lingine. Kijiji kilichosikia kilipigia kijiji cha mbele, na habari ikasafiri.

Morse nayo ina vitu viwili tu: mlio mfupi na mlio mrefu. Tofauti ni kwamba Morse haifuati sauti ya lugha. Inaandika herufi moja moja, kwa hiyo inabeba lugha yoyote. Mlio mrefu ni sawa na mifupi mitatu. Kati ya herufi mbili unanyamaza kwa muda wa mifupi mitatu, na kati ya maneno mawili kwa muda wa mifupi saba. Vipimo hivyo vikiharibika, ujumbe unaharibika.

Kiswahili kimehifadhi kumbukumbu ya mambo haya. Neno simu lilitoka kwenye neno la Kiajemi la waya, na katika vitabu vya zamani lilimaanisha telegrafu. Hata leo tunapiga simu jinsi tunavyopiga ngoma, ijapokuwa kidole kinagusa kioo tu.

Mkono wa kwanza na ugonjwa wake

Tarehe 24 Mei 1844, huko Marekani, Samuel Morse alituma ujumbe kwa waya kutoka Washington hadi Baltimore. Mwenzake Alfred Vail ndiye aliyepokea upande wa pili, na ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kutengeneza vyombo. Kibonyezo cha wakati ule kilikuwa kitu rahisi: mkono wa chuma, springi, na vituo viwili vya kugusana. Ukibonyeza, umeme unapita. Ukiachia, unakatika. Mwaka 1881 Jesse Bunnell, ambaye alikuwa mpiga telegrafu wa jeshi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alipewa hataza ya kibonyezo chenye mkono wa chuma cha pua wa kipande kimoja, chepesi na imara. Umbo hilo linaonekana hadi sasa.

Hiyo ndiyo aina ya kwanza, kibonyezo cha wima, kinachokwenda juu na chini. Wapenzi wa redio wanaosema Kifaransa wanakiita pioche, yaani sururu, na aliyekitumia siku nzima anaelewa jina hilo. Wapiga telegrafu walibonyeza maelfu ya mara kwa siku, mwaka baada ya mwaka. Wengi walianza kuumwa mkono. Vidole vilikakamaa, kiganja kikakataa kutii. Kwa mtu anayelipwa kwa mkono wake, hiyo ilikuwa sawa na kufukuzwa kazi. Mwaka 1908 sheria ya Uingereza iliutia ugonjwa huo katika orodha ya magonjwa ya kazi yanayolipiwa fidia.

Kutokana na maumivu hayo zikaja aina nyingine. Mwaka 1888 Bunnell alitoa kibonyezo kinachokwenda kulia na kushoto badala ya juu na chini, na mkono ukapata nafuu. Kisha Mmarekani Horace Martin akabuni chombo chenye uzito mdogo juu ya springi: ukisukuma upande mmoja, springi inatetemeka na kupiga milio mifupi yenyewe, mfululizo. Milio mirefu bado unaipiga mwenyewe. Hataza yake ilitolewa mwaka 1904, na chombo kikaitwa Vibroplex. Alama yake ilikuwa mdudu, na hadi leo wapigaji wanakiita hivyo, mdudu.

Morse inaingia Kongo

Mwanzoni mwa miaka ya 1910, chini ya Mfalme Albert wa Kwanza, Mbelgiji Robert Goldschmidt na injinia Raymond Braillard waliongoza kazi ya kujenga vituo vya telegrafu isiyo na waya katika koloni, kutoka Banana kwenye bahari hadi Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Mtandao huo ulijengwa kwa faida ya utawala wa kikoloni na biashara yake, si kwa raia aliyetaka kujua kama mamake ni mzima. Huko Laeken, karibu na Brussels, kulisimamishwa kituo kikubwa cha kuongea na Kongo. Mwezi Agosti 1914, Wajerumani walipokaribia, Wabelgiji wenyewe walikibomoa ili kisiangukie mikononi mwa adui. Tangu zamani, kituo cha mawasiliano ni kati ya vitu vya kwanza kupotea vita inapofika.

Vyombo vya wakati huo vilitoa mawimbi kwa cheche za umeme wenye nguvu, na umeme huo mara nyingi ulipita katika kibonyezo chenyewe. Ndiyo sababu vibonyezo vya zamani vya redio vilikuwa vikubwa, vyenye vituo vinene vya kugusana. Redio za leo zinahitaji umeme mdogo sana kupita hapo. Kwa hiyo ukubwa wa chombo hauongezi nguvu ya ujumbe, na muuzaji asikudanganye kwa hilo.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli Titanic ilipogonga barafu, Jack Phillips alikuwa kwenye kibonyezo. Alituma wito wa zamani wa CQD, na pia ule mpya wa SOS: mifupi mitatu, mirefu mitatu, mifupi mitatu, bila kupumzika katikati. Harold Cottam wa meli Carpathia alisikia alipokuwa karibu kwenda kulala. Watu zaidi ya 1,400 walikufa, Phillips akiwa mmoja wao. Watu wapatao 700 waliokolewa kwa sababu mtu mmoja alipiga na mwingine alikuwa bado anasikiliza.

Mkono unajulikana

Katika Vita Kuu ya Pili, wasikilizaji wa Waingereza waligundua kwamba kila mpigaji ana mkono wake, kama mtu alivyo na sauti yake. Huyu anarefusha mlio wa mwisho, yule anaharakisha mifupi. Walimfuata mpigaji wa adui kutoka pahali hadi pahali kwa kutambua mkono wake tu, na kwa hiyo wakajua kikosi chake kimehamia wapi. Wakati huo jeshi la Marekani lilitengeneza kwa wingi kibonyezo cha mazoezi kilichoitwa J-38. Baada ya vita kiliuzwa kwa bei ndogo, na vijana wengi walijifunzia hapo.

Baadaye elektroniki ilileta aina ya mwisho, kibonyezo cha mabawa. Kina bawa moja au mawili ya kugusa kwa dole gumba na kidole cha shahada. Ukigusa upande mmoja, mashini inapiga mifupi. Ukigusa wa pili, inapiga mirefu, yote kwa kipimo sawa. Kwenye mabawa mawili, ukiyabana pamoja, milio inapishana yenyewe: mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Mkono unachoka kidogo sana.

Kazi rasmi ya Morse ilikwisha polepole. Jeshi la maji la Ufaransa liliiacha mwaka 1997, na mwezi Februari 1999 meli za dunia zilihamia kwenye mfumo mpya wa wito wa hatari. Mwaka 2003 mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Geneva uliondoa sharti la kimataifa la mtihani wa Morse kwa redio ya ridhaa, yaani ile ya watu wanaorusha mawimbi kwa kibali, si kwa biashara. Wengi waliofikiri itakufa walikosea. Mlio wa Morse unachukua nafasi ndogo kuliko sauti ya mtu, hivyo redio ndogo ya wati 5, inayotumia batri, inaweza kusikika mbali sana pale ambapo maneno yangepotea katika kelele.

Basi, uchague ipi?

Anayeanza na hana pesa nyingi achukue kibonyezo cha wima. Kinafundisha sikio na mkono kupima muda, maana hakuna mashini ya kumsaidia. Aangalie mambo matatu. Kitako kiwe kizito, au kiweze kufungwa kwenye ubao, kwa sababu kinachoteleza kinaharibu herufi. Pengo la vituo na ukali wa springi viweze kurekebishwa. Na vituo viwe safi, maana kutu inakata mlio. Mkono upumzike mezani na kifundo kifanye kazi, si vidole peke yake. Ukisikia maumivu, acha. Wapiga telegrafu wa zamani walilipa kwa kutosikiliza mikono yao.

Asiye na pesa kabisa anaweza kujitengenezea. Kipande cha lame ya msumeno wa chuma, ubao, skrubu chache na waya vinatosha. Rangi ya lame ikwanguliwe pale panapogusana. Chombo hicho hakina sura nzuri, lakini herufi zake ni zilezile.

Mwenye mkono unaouma, au mzee ambaye vidole vinatetemeka, mabawa yatamfaa zaidi, mradi redio yake au kisanduku cha pembeni kiwe na mashini ya kupima milio. Bawa moja linasamehe makosa. Mawili yanahitaji mazoezi. Mdudu ni wa mtu aliyekwisha kuzoea na anayependa mkono wake utambulike. Kwa aina zote, kanuni ni moja: usitume haraka kuliko unavyoweza kupokea, kwa sababu atakayekujibu atafuata mwendo wako.

Jambo la mwisho ni zito. Kurusha mawimbi bila kibali ni kosa, na katika maeneo ya vita mtu mwenye chombo kama hicho anaweza kuchukuliwa kuwa mpelelezi. Kibali katika Kongo kinatolewa na serikali, na mamlaka inayosimamia mawasiliano ni ARPTC. Lakini kujifunza ni jambo lingine. Kibonyezo kilichofungwa kwenye batri na kengele ndogo kinalia mezani tu, hakirushi kitu hewani. Watoto wanaweza kujifunza kwa mdomo pia, bila chombo chochote. Vituo vya redio ya ridhaa vya Kongo vinajulikana kwa herufi 9Q mwanzoni mwa jina. Kwa Morse inasikika hivi: da-da-da-da-di, da-da-di-da. Wapige kwa kijiko juu ya sahani ya bati mara kumi, mrefu uwe kweli mara tatu ya mfupi, na somo la kwanza litakuwa limekwisha.