Scania: Miaka 135 ya Jina Lililolindwa

Hapa Cimpunda, katika komine ya Kadutu mjini Bukavu, Kivu, nyumba zimesongamana mlimani hata lori kubwa halipati njia, na bidhaa humaliza safari migongoni mwa wabebaji, kamba imewakaza kwenye paji la uso. Lakini shehena hiyo, kabla ya kufika soko la Kadutu, aghalabu imekwisha kupandishwa milima kwa injini ya dizeli, na katika njia za Mombasa na Dar es Salaam miongoni mwa injini mashuhuri ni za Scania, kampuni ya Sweden ambayo mwaka huu asili yake yatimiza miaka 135.

Asili hiyo ni Vabis, iliyoasisiwa Södertälje mwaka 1891 kutengeneza mabehewa ya reli. Scania ikazaliwa Malmö mwaka 1900, ikianza na baiskeli. Zikaungana 1911, zikafilisika 1921, zikafufuka. Na mwaka 1969, kampuni hiyo ilipoungana na Saab, ikatoka injini ya V8 yenye nguvu za farasi 350.

Lakini tukio lenye ibra kuu ni ugomvi juu ya umiliki wa Scania. Mwaka 1999 Volvo, hasimu wake wa Gothenburg, iliazimia kuinunua. Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya ikakataa Machi 2000, kwa hoja kwamba soko la malori makubwa ya nchi za Skandinavia lingeshikwa na mkono mmoja. Mwaka 2006 ikaja MAN, kampuni ya malori ya Munich, Ujerumani, ikiongozwa na Håkan Samuelsson, mtu aliyepata kutumikia Scania yenyewe miaka mingi, na posa yake ya kuinunua Scania ilikaribia yuro bilioni 10. Leif Östling, mkuu wa Scania, akaipinga kwa ukali, hata akaifananisha na blitzkrieg, mashambulio ya kasi ya Wajerumani vitani; familia ya Wallenberg, yenye hisa nyingi, nayo ikakataa; na Januari 2007 MAN ikaiondoa posa. Hatimaye Volkswagen ndiyo iliyoimiliki, lakini makao makuu yamebaki Södertälje.

Nasi wa Afrika Mashariki tulikuwa na sehemu yetu. Kibaha, karibu na Dar es Salaam, kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania kwa mikono ya mafundi wa Kitanzania, na kazi hiyo ilipokoma hakuna familia wala halmashauri iliyosimama kuitetea kwa ukali wa Wasweden. Hili ni jambo la kusikitisha kwa Afrika Mashariki nzima, pamoja na sisi wa Kivu tunaoishi kwa kutegemea malori: ufundi ni amana, na serikali zinazojadili bei ya gari pasipo kujadili ni nani atakayefundishwa kuliunda, zinaitelekeza amana hiyo.