Ukali wa Iruka: Hukumu na Ulezi katika Naruto

Mtake mpenzi yeyote wa anime ya Naruto akutajie mwalimu aliyemfanya Naruto Uzumaki kuwa alivyo. Huenda akaanza na Kakashi Hatake, kisha Jiraiya. Iruka Umino, mwalimu wa darasani, atakumbukwa kwa bakuli la rameni tu. Makala haya yanapinga mpangilio huo wa heshima. Katika simulizi hii ya Masashi Kishimoto, iliyochapishwa kwa mfululizo katika jarida la Weekly Shonen Jump kuanzia 1999 hadi 2014 na kuanza kuonyeshwa kama anime mwaka 2002, Iruka ndiye anayebeba wazo gumu zaidi kuhusu ulezi: kwamba kwa mtoto ambaye jamii imekataa kumwona, kukaripiwa kwa haki ni kutambuliwa.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye mtihani wa kuhitimu katika shule ya ninja. Katika kipindi cha kwanza cha anime, Naruto anatakiwa kutoa nakala za mwili wake, naye anatoa moja iliyolegea kama mlenda. Mizuki, mwalimu mwenza, anashauri kwa tabasamu kwamba mtoto ahurumiwe apite. Iruka anakataa, kwa kuwa wenzake wote wametimiza sharti. Hapo mtazamaji humwona Iruka mwenye roho ngumu. Kisha Mizuki yuleyule anamlaghai Naruto aibe hati-kunjo ya siri ya kijiji, akikusudia kumuua na kutoroka nayo. Kwa hiyo simulizi imeuweka upole kinywani mwa msaliti, na ukali kinywani mwa anayejali. Mizuki hapotezi kitu kwa kumpitisha mtoto asiyeweza. Iruka anajua kwamba anayehitimu hutumwa kwenye hatari, na huko huruma ya mtahini haimkingi mtu.

Lakini ukali huo una uzito kwa sababu ya mahali unapotendeka. Usiku aliozaliwa Naruto, mbweha wa mikia tisa alishambulia kijiji cha Konoha, akafungiwa ndani ya mwili wa mtoto huyo. Hokage wa Tatu, kiongozi wa kijiji, alipiga marufuku habari hiyo kusemwa, lakini marufuku hayakuzuia macho. Watu wazima wanamtazama Naruto kwa chuki au hawamtazami kabisa, na watoto wao, bila kujua sababu, wanawaiga. Naruto anapopaka rangi sura za Mahokage zilizochongwa mlimani, anachotafuta ni mtu wa kumkemea. Iruka anatokea, anamfokea, anamsimamia asugue mpaka rangi itoke, kisha anampeleka mgahawa wa Ichiraku kula rameni. Mpangilio huo haupindwi: kazi kwanza, mlo baadaye. Wala mlo haufuti kosa.

Tena Iruka ana udhuru wa kuchukia ambao wengi hawana. Wazazi wake waliuawa na mbweha huyo usiku uleule. Mizuki analijua jeraha hili na analitonesha kwa makusudi, akimwambia Naruto kwamba hata Iruka anamchukia. Jibu la Iruka ni kumfunika mtoto kwa mwili wake na kupokea shurikeni kubwa, silaha ya kurushwa, mgongoni, huku akimwomba radhi kwa kuwa hakuuona upweke wake mapema. Mwalimu mkali anayeomba radhi kwa mwanafunzi! Baadaye, akidhani Naruto yuko mbali, anamwambia Mizuki kwamba mbweha ni mbweha, ila Naruto ni mwanafunzi wake bora, mwenye bidii ingawa hukosea. Naruto, aliyejificha nyuma ya mti, analia. Sifa hiyo inaaminika kwa sababu imetoka kwa mtu asiyegawa sifa bure.

Kakashi, mwalimu wa Naruto baada ya kuhitimu, ni mkali pia, ila kwa namna nyingine. Jaribio lake, ambapo wanafunzi watatu wanatakiwa kumnyang'anya kengele mbili, ni mtego wenye jibu lililofichwa, yaani ushirikiano, na mtego unafaa kwa wanaoelekea vitani. Walimu hawa wawili wanapogongana kuhusu mtihani wa chunin, yaani wa kupandishwa daraja la ninja, Iruka anapinga watoto kuteuliwa mapema, naye Kakashi anamjibu kwamba hao sasa ni askari wake, si wanafunzi wa Iruka tena. Kuhusu uwezo, Kakashi alikuwa sahihi: Naruto alimshinda mtahiniwa mwenzake Neji Hyuga. Kuhusu hatari, Iruka hakukosea. Ndani ya mtihani huohuo ninja mwasi Orochimaru alimtia Sasuke, mwenzake Naruto katika kikosi cha Kakashi, alama ya laana, kisha akakivamia kijiji na kumuua Hokage wa Tatu.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa simulizi yenyewe. Baadaye tunaelezwa kwamba Naruto ni mwana wa Hokage wa Nne, tena mrithi wa roho ya Ashura, shujaa wa kale. Ikiwa damu na majaaliwa vilikwisha kuamua, mwalimu wa darasani alifanya nini? Naona hili ni kosa la utunzi, na halifai kufichwa. Hata hivyo nasaba inaeleza nguvu tu. Haielezi kwa nini mtoto mwenye mnyama huyo ndani yake, na mwenye kila sababu ya kulipiza kisasi, hakukiteketeza kijiji kilichomtenga. Maelezo ya jambo hilo yako kwa Iruka, na anime inalikiri mwishoni: Naruto anapokaribia kufunga ndoa, anamwomba Iruka asimame harusini kama baba yake.