Mechi za taifa: rekodi ni ya mchezaji na ya aliyetunza daftari

Desemba 10, 2022, mjini Doha, Cristiano Ronaldo aliinuka kutoka benchi dakika ya 51, Ureno ikiwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Morocco. Ureno ikatolewa robo fainali ya Kombe la Dunia na Ronaldo akatoka uwanjani akilia. Kamera zilifuata machozi, na wachache tu walikumbuka kwamba usiku ule alitimiza mechi yake ya 196 ya taifa, akimfikia Bader Al-Mutawa wa Kuwait, mshikilia rekodi ya dunia kwa wanaume. Machi 2023, Ureno ilipoichapa Liechtenstein 4-0, akampita. Juni mwaka huo akafika 200 kule Iceland na kufunga bao pekee la mchezo, dakika ya 89.

Desturi ya kuhesabu mechi hizi ina mizizi Uingereza. Mwaka 1886, N. Lane Jackson alipendekeza kila mchezaji wa timu ya taifa apewe kofia kwa mechi aliyocheza, na chama cha soka cha England kikakubali. Ikapita miaka zaidi ya 70 kabla ya mtu yeyote kufikisha 100. Huyo ni Billy Wright, beki na nahodha wa England, Aprili 11, 1959, walipoifunga Scotland 1-0 pale Wembley. Alistaafu mwaka huohuo akiwa na mechi 105, kati ya hizo 90 akiwa nahodha.

Zipime vizuri hizo 105. Zama za Wright, kwa kawaida mechi za mashindano hazikuruhusu mchezaji wa akiba. Ukipangwa, unacheza mpaka filimbi ya mwisho, labda uvunjike. Leo anayeingia dakika ya 88 kupoteza muda anaandikiwa mechi nzima. Februari 2003, England ilibadilisha wachezaji wote 11 wakati wa mapumziko katika mechi ya kirafiki na Australia, ikafungwa 3-1. Muda si mrefu baadaye sheria ikaweka kikomo cha mabadiliko sita katika mechi za kirafiki. Kwa maoni yangu, 105 za Wright si nyepesi kuliko 180 za mchezaji wa sasa.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha Soh Chin Ann, beki wa Malaysia aliyechezea taifa lake kuanzia 1969 hadi 1984. Kwa muda mrefu alitajwa kuwa na mechi 219. Zilipoondolewa zile za Olimpiki na za kufuzu Olimpiki, zikabaki 195. Mtu ni yuleyule na jasho ni lilelile. Kilichobadilika ni kalamu ya anayehesabu. Kama zote zingehesabiwa, Ronaldo asingesherehekea rekodi ya dunia mwaka 2023.

Na hizo ni za wanaume tu. Kristine Lilly wa Marekani alianza kuichezea timu ya taifa ya wanawake mwaka 1987 akiwa na miaka 16, akastaafu na mechi 354. Hakuna mwanamume aliyemkaribia.

Afrika tunayajua maumivu ya daftari. Mwaka 2012 dunia ilipompongeza Lionel Messi kwa mabao 91 ndani ya mwaka mmoja, Zambia ilisema mshambuliaji wake Godfrey Chitalu alifunga 107 mwaka 1972. FIFA ikajibu kwamba haitunzi kumbukumbu za ligi za ndani. Yale yalikuwa mabao, lakini dawa ni ileile: karatasi.

Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage mwaka 1926, Tanganyika na Zanzibar zikajiunga baadaye. Kama una gazeti la zamani lenye vikosi vya mechi hizo, usilifungie maandazi. Lipeleke maktaba ya taifa au kwa shirikisho la soka la nchi yako, majina yale yahesabiwe.